Uyoga Umefika, Masharti Yamebaki Njiani

Anayeuza uyoga wa lingzhi, awe Guangzhou, Kuala Lumpur au Kariakoo, huanza na umri wake. Wachina, atakwambia, wanautumia kwa zaidi ya miaka 2,000. Wafalme wao waliutafuta kwa udi na uvumba. Na dawa isiyofaa isingedumu muda wote huo. Kisha hufuata orodha ya maradhi: kisukari, presha, saratani, vidonda vya tumbo, ini, figo, kukosa usingizi, upungufu wa nguvu za kiume. Ninachotaka kuonyesha katika makala haya ni kwamba umri huo, ukisomwa vizuri, haumsaidii muuzaji hata kidogo. Tiba ya jadi ya Kichina imeusemea uyoga huu mambo machache, kwa wagonjwa wa aina fulani, kwa kipimo kinachojulikana na kwa namna maalumu ya kuutayarisha. Bidhaa nyingi zinazotembea leo kwa jina la tiba hiyo zimebeba sifa na kuyaacha masharti, na anayeilipia tofauti hiyo ni mgonjwa.

Kwanza kitu chenyewe. Lingzhi, ambao Wajapani huuita reishi, si uyoga wa kuunga kwa nazi. Humea kwenye visiki na mashina ya miti migumu iliyokufa au inayoelekea kufa, na kazi yake msituni ni kuuozesha mti. Kofia yake ina umbo la figo, ina miviringo ya wekundu unaoelekea hudhurungi, na inang'aa kana kwamba seremala amepitisha vanishi juu yake. Kikonyo mara nyingi hutokea ubavuni badala ya katikati. Kwa chini hauna zile pindo nyembamba tulizozizoea kwenye uyoga wa mboga; kuna vitundu vidogo visivyohesabika, na humo hutoka vumbi la hudhurungi ambalo ndilo mbegu zake. Ukikauka haung'atiki, na ukichemshwa maji yake huwa machungu kwelikweli. Uchungu huo unatokana na kundi la kemikali ziitwazo triterpeni. Hizo, pamoja na sukari za mnyororo mrefu za aina ya beta-glukani, ndizo zilizowashughulisha watafiti wa maabara kwa miongo kadhaa. Hata jina lake la kisayansi lina mgogoro. Mwingereza William Curtis alieleza uyoga wa namna hii mwaka 1781 kutokana na ule uliopatikana karibu na London, na jina lililotokana na kazi yake, Ganoderma lucidum, likaja kubandikwa uyoga wa Uchina pia. Mwaka 2012 wanasayansi wa Kichina walieleza kwamba wa kwao ni spishi nyingine, wakaupa jina la Ganoderma lingzhi. Kopo lililoandikwa lucidum, basi, laweza kuwa na ndugu yeyote wa ukoo huo mkubwa, na baadhi ya ndugu hao humea hata kwenye visiki vya misitu yetu ya Afrika.

Sasa tuje kwenye umri. Kitabu cha dawa kinachotajwa kuwa cha kale kuliko vyote Uchina, Shennong Bencao Jing, kilikusanywa zama za utawala wa Han, yapata miaka 1,800 hadi 2,000 iliyopita, na kinaorodhesha dawa 365 katika madaraja matatu. Uyoga uitwao zhi umewekwa daraja la juu, pamoja na dawa zilizosemwa kuwa zinaweza kunywewa muda mrefu, zikaufanya mwili mwepesi na kurefusha maisha. Tena haukuwa mmoja. Ulitajwa wa rangi sita: mwekundu, mweusi, mweupe, wa manjano, wa buluu-kijani na wa zambarau. Huo ulikuwa ulimwengu wa kasri na wa watafuta uzima wa milele. Mwaka 109 kabla ya Kristo, zhi wenye mashina tisa uliota ndani ya kasri la Ganquan, na Mfalme Wu wa Han akauchukulia kuwa ni ishara njema kutoka mbinguni, akatangaza msamaha kwa wafungwa. Baadaye umbo la kofia yake likaingia kwenye fimbo za heshima ziitwazo ruyi, kwenye michongo na kwenye hariri. Na katika hadithi maarufu ya Nyoka Mweupe, mke anakwenda mlimani kuuiba uyoga huo ili amfufue mumewe.

Hayo yote yanaeleza utukufu, na utukufu si matumizi. Uyoga wa porini ulikuwa adimu, ndiyo maana mtu aliweza kusamehewa kifungo kwa sababu tu umeota. Kitu adimu kiasi hicho hakikuwa kikinywewa kila asubuhi na mamilioni ya watu, na pasipo watu wengi kukinywa hapana uzoefu wa watu wengi wa kutegemea. Kilimo chake cha uhakika kilianza nusu ya pili ya karne ya 20, wataalamu walipojifunza kupandikiza utando wa uyoga kwenye magogo yaliyopikwa kwa mvuke au kwenye mifuko ya unga wa mbao. Leo katika maeneo kama Longquan, jimbo la Zhejiang, magogo mafupi hufukiwa udongoni chini ya vivuli na kuvunwa kwa wingi. Kwa maneno mengine, unywaji wa lingzhi kwa umma, ule ambao ungeweza kutuonyesha nani amepona na nani ameumia, haujafikisha hata miaka 100. Anayetaja miaka 2,000 anataja umri wa sifa.

Na hata sifa yenyewe haikupita bila kupingwa na wenyeji wake. Mwaka 1578 tabibu Li Shizhen alikamilisha Bencao Gangmu, kitabu kinachoheshimiwa kuliko chochote katika historia ya dawa za Kichina. Kilichapishwa Nanjing mwaka 1596, yeye akiwa amekwisha kufariki. Kina maingizo 1,892. Li aliuweka zhi katika sehemu ya mboga, pamoja na uyoga mwingine, na kuhusu madai ya uzima wa milele alikuwa mkali. Hoja yake, kwa ufupi, ni kwamba uyoga huu huzaliwa na mabaki ya vitu vilivyooza, mithili ya uvimbe unaoota kwenye mwili wa mtu, na kwamba kuuona kuwa mmea wa baraka unaowageuza watu kuwa malaika ni upuuzi. Hakuwa akiongea hewani. Mfalme Jiajing, aliyetawala kuanzia 1521 hadi 1567, alikuwa akikusanyiwa uyoga huo kutoka kila pembe ya nchi, huku akimeza dawa za kurefusha maisha alizotengenezewa na watawa wa Kitao. Alifariki akiwa na miaka 59. Ninampenda Li Shizhen kwa jambo hili: hakuutupa uyoga nje ya kitabu kwa kuchukia waliouzidishia chumvi. Aliuacha, akaandika ladha yake na kazi aliyoamini unaifanya, akaendelea na safari.

Warithi wa Li wamefanya vivyo hivyo. Kitabu rasmi cha dawa cha Jamhuri ya Watu wa Uchina, ambacho kimeutambua lingzhi tangu toleo la mwaka 2000, kinasema kwamba huongeza qi, yaani ile nguvu ya uhai katika lugha ya tiba hiyo, hutuliza moyo na akili, na hupunguza kikohozi na pumu. Wanaoelekezwa kuunywa ni watu wenye wasiwasi na kukosa usingizi, mapigo ya moyo yanayosumbua, kikohozi na kubanwa pumzi kunakotokana na udhaifu wa mapafu, uchovu na kukosa hamu ya kula. Kipimo ni gramu 6 hadi 12 za uyoga uliokaushwa, kwa mchemsho. Hapo hamna saratani wala kisukari. Na tabibu wa Kichina aliyefunzwa hampi mtu kwa sababu tu amesikia anakosa usingizi. Humtazama ulimi, humshika mapigo ya mkono, humuuliza kuhusu choo, jasho na baridi, kisha huamua kama kukosa usingizi huko ni kwa udhaifu au ni kwa joto lililozidi mwilini. Dawa za hali hizo mbili hazifanani. Akiamua kuutumia, huuchanganya na dawa nyingine, vipande vyake huchemshwa kwa moto mdogo kwa muda mrefu, maji hunywewa na makapi hutupwa. Baada ya siku kadhaa mgonjwa hurudi, mseto ukabadilishwa au kusimamishwa.

Linganisha utaratibu huo na pakiti ya kahawa ya lingzhi. Ndani yake mna kahawa ya unga, mara nyingi mna sukari na krimu ya unga, na mna kiasi fulani cha uyoga ambacho aghalabu hakikuandikwa kwa gramu. Inapitia mikononi mwa wasambazaji wa biashara ya mtandao, ambao kila mmoja ana watu chini yake na kamisheni juu yake, na ambao mafunzo yao ni ya kuuza. Hapa Afrika Mashariki bidhaa hizi zinajulikana vyema, kwa jina la reishi au ganoderma, zikiwa kahawa, kapsuli, dawa ya meno na sabuni. Mwenye kisukari huambiwa anywe vikombe viwili kwa siku. Sijui ni tabibu gani wa mji wowote wa Uchina angemwandikia mgonjwa wa kisukari dawa yenye sukari ndani. Kuna pia unga mtupu wa uyoga mzima, na kuna mbegu zake zilizovunjwa magamba na kuuzwa kwa bei kubwa. Namna hizi hazifanani na mchemsho. Anayekunywa mchemsho anapata kile kilichoyeyuka majini. Anayemeza unga anapata uyoga wote, pamoja na vile ambavyo wazee wa Uchina walivitupa na makapi.

Atakayesema kwamba sayansi ya leo imeyathibitisha madai mapya ana haki ya kusikilizwa, kwa kuwa tafiti zipo. Kwenye vyombo vya maabara na kwenye panya, dondoo za lingzhi huamsha chembe za kinga, hupunguza sukari, huzuia chembe za saratani kuongezeka. Lakini vitu vinavyoua chembe za saratani kwenye sahani ya kioo ni vingi mno, na vichache sana huwa dawa. Kwa binadamu picha ni nyingine. Mapitio ya mtandao wa Cochrane, unaokusanya na kuchuja majaribio ya tiba duniani, yalipata majaribio matano tu ya saratani yaliyofaa kuhesabiwa, yenye wagonjwa 373. Toleo lililosahihishwa la mwaka 2016 lilikiri kwamba waliopewa lingzhi pamoja na matibabu ya hospitali walionyesha dalili za kuitikia matibabu vizuri zaidi na baadhi ya vipimo vya kinga vilipanda; lingzhi peke yake haukupunguza uvimbe kwa namna hiyo, na hapakuwa na ushahidi kwamba unarefusha maisha ya mgonjwa. Watafiti wakahitimisha kwamba hakuna msingi wa kuutumia kama tiba ya kwanza ya saratani. Mapitio mengine ya Cochrane, ya mwaka 2015, yaliangalia sukari, mafuta na presha kwa wenye kisukari cha aina ya pili. Majaribio matano, washiriki 398, na hitimisho ni kwamba ushahidi hauungi mkono matumizi hayo. Mwaka uliofuata likachapishwa jaribio lililofanyika Australia kwa watu 84 wenye kisukari na dalili zinazoandamana nacho, ambao kwa wiki 16 walipewa gramu 3 za lingzhi kwa siku au kidonge kisicho na kitu, bila wao wala waganga wao kujua nani anapata kipi. Sukari haikushuka.

Pingamizi ninalolisikia mara nyingi hapa ni kwamba vipimo hivyo ni vya wazungu, na kwamba qi haiingii kwenye mashine. Ni pingamizi lenye uzito kuliko wengi wanavyodhani. Tiba ya Kichina ina lugha yake, na kuilazimisha ijibu swali ambalo haikuuliza si haki. Ila muuzaji ndiye aliyetoka kwenye lugha hiyo kwanza. Neno kisukari kwa maana tunayoijua, la sukari ya damu inayopimwa kwa tone kidoleni, si neno la Shennong Bencao Jing. Aliyesema lingzhi unashusha sukari ameikubali mashine ya kupimia sukari, na hawezi kuikimbia pale inapomjibu vibaya. Akitaka kusema kwa lugha ya qi, aseme, lakini akubali na sheria za lugha hiyo: kumpima mgonjwa, kumchagua anayefaa, kumkatalia asiyefaa, kupima gramu, kuchemsha, kusimamisha. Kuchukua ahadi kutoka hospitali na ruhusa kutoka kwa mababu wa Uchina kwa wakati mmoja ni ujanja wa sokoni. Hata Shirika la Afya Duniani, lilipoingiza sura ya tiba za jadi za mashariki mwa Asia katika orodha yake ya kimataifa ya magonjwa iliyopitishwa mwaka 2019, lilieleza kwamba ni kwa ajili ya kuhesabu na kuweka kumbukumbu, na kwamba haikuwa hukumu juu ya ufanisi wa tiba hizo.

Mwenye hoja kali zaidi atanikumbusha artemisinini, na hapo inafaa tukae kidogo, maana kisa hicho kinawagusa watu wa ukanda huu kuliko kisa chochote cha dawa ya Kichina. Katika karne ya 4, msomi wa Kitao Ge Hong aliandika kitabu kidogo cha tiba za dharura. Mojawapo ilihusu homa za vipindi: chukua konzi ya mmea wa qinghao, uloweke kwenye maji, ukamue, unywe maji yake yote. Mei 1967 serikali ya Uchina ilianzisha mradi wa siri wa kutafuta dawa ya malaria, ukaitwa Mradi 523 kwa tarehe yake. Tu Youyou, aliyepewa kuongoza kundi la watafiti Beijing mwaka 1969, alipekua mapishi ya kale zaidi ya 2,000. Qinghao ilionyesha dalili nzuri kisha ikafifia. Aliporudi kwa Ge Hong aliona kwamba mzee yule hakutaja kuchemsha. Pengine moto ndio uliokuwa ukiiharibu dawa. Akatumia etha, inayochemka kwa joto dogo, na Oktoba 1971 sampuli namba 191 ikawamaliza vimelea vya malaria kwa panya wote. Yeye na wenzake wakainywa wao wenyewe kabla ya kuwapa wagonjwa. Mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Nobel, na dawa mseto anayomeza mtoto wa Kigoma au Kisumu imetokana na kazi hiyo.

Kisa hiki hutajwa kama ushahidi kwamba wazee walikuwa sahihi, kwa hiyo tuamini na lingzhi. Wanaokitaja husahau kwamba Ge Hong huyohuyo aliandika kitabu kingine, Baopuzi, ambamo anasifu zhi za aina nyingi mno, baadhi zikiwa na umbo la watu na wanyama, na kuahidi kwamba azilaye ataishi miaka isiyo na idadi. Mtu mmoja, karne moja, kalamu moja. Dai moja lilipimwa na kusimama. Jingine hakuna hata Mchina mmoja leo anayeliamini. Kwa hiyo ukale wa maandishi hauwezi kutuambia lipi ni lipi. Unatupa mahali pa kuanzia kuchimba. Tu Youyou aliliheshimu andiko kwa kusoma kila neno lake, pamoja na lile la namna ya kutayarisha, na kisha akalitilia shaka kiasi cha kulipima. Wanaouza kahawa ya uyoga hawajafanya hata moja kati ya hayo mawili.

Inabaki hoja ya mwisho, nayo ndiyo inayomtuliza mnunuzi kuliko zote: ni uyoga tu, ni kitu cha asili, usipomfaa mtu hautamdhuru. Kwa mtu mzima mwenye afya, asiyetumia dawa nyingine, anayekunywa mchemsho kwa kipimo cha kitabu kwa siku chache, hatari inaonekana kuwa ndogo; katika majaribio, waliopata taabu wengi walilalamikia tumbo, kichefuchefu au kukosa usingizi. Hilo nalisema waziwazi kwa kuwa vitisho vya uongo havimsaidii mtu. Lakini wanunuzi wa lingzhi kwa kawaida si watu wa namna hiyo. Ni wagonjwa, na wengi wana vidonge vya hospitali kabatini. Lingzhi unaweza kupunguza kuganda kwa damu, kwa hiyo anayetumia warfarini au aspirini, au anayesubiri upasuaji, anajiweka kwenye hatari ya kutokwa na damu. Unaweza kuongezea nguvu dawa za presha, mtu akasimama na kuanguka. Aliyepandikizwa figo anameza dawa za kutuliza kinga ili mwili usikikatae kiungo kipya. Kumpa kitu kinachosifiwa kwa kuamsha kinga ni kufanya kinyume cha matibabu yake. Kwa mjamzito na anayenyonyesha, usalama wake haujathibitishwa, na hiyo peke yake ni sababu ya kutosha ya kuuacha.

Halafu kuna ini. Mwaka 2004 madaktari wa Hong Kong waliripoti mgonjwa aliyeharibika ini wakati akitumia lingzhi. Mwaka 2007 wenzao wa Thailand wakaripoti mwingine aliyefariki kwa ini kushindwa kabisa kufanya kazi. Wote wawili walikuwa wakitumia lingzhi wa unga. Visa viwili havitoshi kuhukumu, na huenda lawama nyingine ni ya vichafuzi ndani ya bidhaa, lakini vinatosha kumfanya mtu mwenye homa ya ini, ambaye ndiye hasa hutafutwa na wauzaji kwa ahadi ya kusafishwa ini, asite kabla ya kufungua kopo. Thailand hiyohiyo imetoa kisa kingine cha ajabu kidogo: mgonjwa wa saratani ya tezi za limfu aliyekuwa akiharisha kwa muda mrefu, na chooni mwake vikaonekana vitu vilivyofanana na mayai ya vimelea. Zilikuwa mbegu za lingzhi. Alipoacha unga, kuharisha kukakoma.

Na anayeuliza kama angalau ndani ya kopo mna kilichoandikwa nje, jibu si la kufurahisha. Mwaka 2017 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa virutubisho 19 vya reishi vilivyonunuliwa Marekani. Vilivyolingana na lebo zake, kwa kuangalia triterpeni na sukari zinazopaswa kuwamo, vilikuwa vitano. Ikiwa ndivyo hali ilivyo kwenye soko lenye maabara na mahakama za walaji, sioni sababu ya kutegemea kwamba kopo linalouzwa mkononi, mlango kwa mlango, litakuwa bora zaidi.

Wapo watakaosema nimewasahau wale waliopona. Sijawasahau, na siwaiti waongo. Usingizi huja na kuondoka, presha hupanda na kushuka, mtu aliyeamua kulipia kopo ghali mara nyingi ameamua pia kupunguza chumvi na pombe, na wengi huendelea na vidonge vya hospitali kimyakimya huku wakimpa uyoga sifa zote. Wasiopona hawasimami kwenye semina za wauzaji. Wapo pia watakaosema kwamba makampuni makubwa ya dawa nayo yanatafuta faida. Kweli tupu, na ndiyo maana sheria huyadai ushahidi kabla ya kuuza. Sielewi kwa nini tamaa ya kampuni moja iwe sababu ya kuisamehe tamaa ya nyingine. Uchina yenyewe haisamehi: Novemba 2023 iliingiza lingzhi katika orodha ya vitu vinavyoweza kutumika kama chakula na kama dawa, lakini sheria yake ya usalama wa chakula inakataza chakula chochote kudai kwenye lebo au tangazo kwamba kinakinga au kinatibu ugonjwa. Ukiuza kama chakula, utanyamaza kuhusu saratani. Ukitaka kuitaja, ulete ushahidi wa dawa.

Tanzania ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 na baraza lake, na jirani zetu wana vyombo vyao. Hatuhitaji kupiga marufuku uyoga huu, na marufuku ingewaonea hata matabibu wa Kichina wanaoutumia kwa adabu. Kinachohitajika ni kile ambacho kitabu cha dawa cha Uchina kimekiandika kwa mistari michache: spishi gani, gramu ngapi, umetayarishwaje, ni kwa hali ipi. Viongezwe maonyo kwa Kiswahili, kwenye kopo lenyewe, kwa wanaotumia dawa za kugandua damu, za presha na za kisukari, waliopandikizwa viungo, wenye ugonjwa wa ini na wajawazito. Bidhaa isiyoweza kujaza mistari hiyo isiruhusiwe kutumia jina la tiba ya Kichina.

Na wewe ambaye tayari unautumia, usiache dawa ya hospitali kwa ajili yake, na usimfiche daktari. Siku ya kliniki chukua kopo lenyewe, si maelezo yake, ulibebe pamoja na vidonge vyako vyote, umwekee mezani. Ukiona macho yanageuka manjano, mkojo unakuwa mweusi, au fizi zinatoka damu bila sababu, usisubiri siku ya kliniki.